Maji na vinavyoyeyuka ndani yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota darasani, ninakofundisha kemia kidato cha kwanza na cha pili, na mengine nimeulizwa jikoni, kisimani na kwenye mabanda ya wauza asali. Yale ya mwanzo ni ya msingi, ya mwisho ni ya wabishi. Nilipokwisha kueleza jambo mara moja sirudii. Nakuelekeza kwa namba.

## Msingi wenyewe

1. Barafu kuyeyuka na sukari kuyeyuka ni jambo moja?

Hapana, ila lugha yetu imeyapa neno moja, na hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea. Barafu inahitaji joto tu ili iwe maji, haihitaji mwenzake. Sukari ya kwenye chai haijawa kioevu kwa joto, na ndiyo maana huyeyuka hata kwenye maji ya mtungini. Inachohitaji ni maji yenyewe, yaingie katikati ya chembe zake na kuzitenganisha. Ukitaka kuona sukari ikiyeyuka kama barafu, iweke kwenye sufuria kavu juu ya moto, kabla haijawa nyekundu na kuungua.

Vitabu vingine hukwepa utata huu kwa kusema sukari *inamumunyika*, neno lililo ndugu na kumumunya pipi. Hapa nitasema kuyeyuka kwa maana hiyo. Maji ni kiyeyushi, sukari ni kiyeyushwa, na vikichangamana tunapata myeyusho.

2. Sukari ikishayeyuka inakwenda wapi?

Haiendi popote. Weka gramu 250 za maji kwenye mizani, tia gramu 10 za sukari, koroga: mizani itasoma 260. Kilichotoweka ni umbo la punje. Punje moja ni rundo la molekuli zisizohesabika, na kila molekuli ina upana wa takriban sehemu moja ya milioni ya milimita. Zikishatawanyika mojamoja, mwanga unapita kati yake bila kuzuiwa, nawe unaona maji maangavu. Ulimi hauhitaji kuona ndipo ujue. Acha maji hayo juani kwenye sahani, na sukari itabaki chini.

3. Kwa nini maji yanaweza kazi hii kuliko vimiminika vingine?

Kwa sababu ya umbo la molekuli yake. Ina atomu moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni, lakini hazikukaa kwenye mstari ulionyooka. Zimepinda, pembe ya kama nyuzi 104.5. Oksijeni huvuta elektroni upande wake, hivyo upande wake unakuwa na chaji hasi kidogo na upande wa haidrojeni chanya kidogo. Kila molekuli ya maji ni sumaku ndogo ya umeme yenye ncha mbili.

Sasa mwaga chumvi. Chumvi ni ayoni, yaani atomu zenye chaji, za sodiamu (chaji chanya) na za kloraidi (chaji hasi) zilizoshikana. Fikiria abiria wawili wameshuka stendi wameshikana mikono, wapiga debe wakawavamia: kundi moja linamvuta huyu, kundi lingine linamvuta yule, na kabla hawajajua mikono imeachana, kila mmoja amezungukwa na watu wake. Molekuli za maji huizunguka sodiamu zikiielekezea oksijeni, na huizunguka kloraidi zikiielekezea haidrojeni. Zaidi ya hayo, ndani ya maji mvutano kati ya ayoni mbili hupungua karibu mara 80 ukilinganisha na mahali patupu, kwa hiyo hata zikipishana karibu hazirudiani kwa urahisi.

Kwamba chumvi huachana hivi na kuwa ayoni zinazotembea zenyewe haikukubalika kirahisi. Msweden Svante Arrhenius alipoandika hivyo kwenye tasnifu yake mwaka 1884, walimu wake walimpa alama za chini. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel kwa wazo hilohilo.

4. Sukari haina chaji. Mbona inayeyuka kuliko hata chumvi?

Haina ayoni, lakini molekuli yake imejaa vishikio. Molekuli moja ya sukari ya mezani ina vikundi vinane vya oksijeni na haidrojeni vinavyofanana sana na maji, na maji huvishika kama yanavyoshikana yenyewe kwa yenyewe. Molekuli haivunjiki, inaondoka kwenye punje ikiwa nzima. Ndiyo sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri na maji ya sukari hayapitishi: kwenye sukari hakuna kilichobeba chaji.

5. Basi maji huyeyusha kila kitu?

Kila kitu, hapana. Kila mara kuna mivutano mitatu inayopimana nguvu: kiyeyushwa kinavyojishika chenyewe, maji yanavyojishika yenyewe, na maji yanavyokishika kiyeyushwa. Juu ya hiyo mitatu kuna jambo la nne, nalo ni tabia ya vitu kupenda kutawanyika vikipata nafasi (nitalirudia kwenye namba 16). Mchanga una atomu zilizofungana pande zote kama wavu mmoja mkubwa, na maji hayapati pa kuanzia. Chokaa ya mawe ina ayoni kama chumvi, lakini kila moja ina chaji mbili na zimeng'ang'aniana. Lita nzima ya maji safi hunyakua miligramu 13 hivi tu.

Ukishaielewa mivutano hii, maswali mengi yanayofuata utayajibu kabla sijamaliza kuandika.

## Jikoni

6. Maji ya moto yanayeyusha zaidi, au yanayeyusha haraka tu?

Hayo ni mambo mawili, na watu huyachanganya kila siku. *Haraka*: ndiyo, karibu kila mango (kitu kigumu) huyeyuka upesi maji yakiwa ya moto, kwa kuwa molekuli zinagonga kwa nguvu zaidi. *Zaidi*: inategemea ni kitu gani. Kwenye nyuzijoto 20, mililita 100 za maji hubeba gramu 200 hivi za sukari. Yakikaribia kuchemka hubeba zaidi ya 480. Chumvi ni gramu 36, na kwenye maji yanayochemka 39 tu, tofauti ambayo mpishi hawezi kuigundua.

Chokaa ya kupaka ukuta hufanya kinyume: huyeyuka kidogo zaidi kwenye maji baridi. Gesi nazo ni kinyume kabisa, tazama namba 11.

7. Kukoroga kunasaidia nini?

Mwendo tu. Kijiko huondoa maji yaliyokwisha kushiba sukari pale chini na kuleta mengine yenye nafasi. Kusaga sukari guru kabla ya kuitia kunasaidia kwa njia nyingine: maji yanapata sehemu nyingi za kushambulia. Lakini kikombe kikishashiba, koroga mpaka mkono uume. Kitakachobaki chini kitabaki.

8. Kwa nini mafuta na maji havichangamani?

Jibu la mtaani ni kwamba mafuta yanayachukia maji. Si kweli. Molekuli ya mafuta huvutwa kidogo na maji. Shida ni kwamba molekuli za maji zinapendana zenyewe kupita kiasi. Molekuli ya mafuta ikiingia katikati, maji yanayoizunguka hulazimika kujipanga kwa mkao fulani ili yasipoteze mishikano yao, na mpangilio huo unayanyima uhuru wa kugeuka yanavyotaka. Maji huupata tena uhuru huo mafuta yote yakikusanyika mahali pamoja. Ndiyo maana matone madogo ya mafuta kwenye mchuzi huungana yakawa makubwa.

Sabuni ni msuluhishi. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu unaopenda mafuta. Mikia huingia kwenye tone la mafuta, vichwa hubaki nje vikitazama maji, na tone zima huoshwa likiwa limevikwa vichwa. Mafuta hayakuyeyuka, yamebebwa. Tui la nazi nalo ni hivyo, ila kazi ya sabuni pale hufanywa na protini za nazi yenyewe, nazo hazina nguvu sana: liache tui zito usiku kucha, asubuhi utakuta sehemu ya mafuta imepanda juu.

9. Chumvi hufanya maji yachemke haraka?

La. Inayachelewesha, ila kidogo mno. Gramu 58 za chumvi kwenye lita moja hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzijoto moja, na mchuzi wenye chumvi kiasi hicho hakuna atakayeula. Tia chumvi kwa ajili ya ladha.

10. Asali niliyonunua imeganda chini. Nimeuziwa sukari?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na wauzaji waaminifu wameonewa sana kwa ajili yake. Asali halisi ni myeyusho ulioshiba kupita kiasi. Maji ndani yake kwa kawaida hayafiki asilimia 20. Sehemu kubwa iliyobaki ni sukari za aina mbili, fruktosi na glukosi. Fruktosi huyeyuka kwa wingi wa ajabu kwenye maji kidogo. Glukosi haina uwezo huo. Maji yaliyomo hayaitoshi, kwa hiyo ipo pale kwa muda tu, ikisubiri kisingizio: ubaridi wa Iringa au Nairobi, chembe ya chavua, kipande cha nta. Ikipata, inaanza kujipanga tena kuwa punje.

Asali yenye glukosi nyingi huganda upesi, yenye fruktosi nyingi hukaa miezi bila kuganda, na hiyo hutegemea maua waliyotembelea nyuki. Kuganda peke yake hakuthibitishi uhalisi wala ubandia. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, ngoja, na itarudi. Usiichemshe, utaua harufu yake.

11. Kwa nini soda ya moto hufura ukiifungua?

Gesi ya kabonidayoksaidi imesukumwa ndani ya soda kwa shinikizo. Mwingereza William Henry alionyesha mwaka 1803 kwamba kiasi cha gesi kinachoyeyuka huenda sambamba na shinikizo la gesi hiyo juu ya kimiminika. Ukifungua kizibo shinikizo linashuka ghafla, na gesi iliyozidi inatafuta njia. Joto linaongeza fujo: molekuli za gesi hazikushikwa sana na maji, zikipashwa moto zinatoroka.

Watoto hutia chumvi kwenye soda na kuona povu linaruka. Kinachofanya kazi hapo hasa ni kingo za punje: viputo vya gesi huanzia penye mkwaruzo au ncha, na punje za chumvi zina ncha tele.

Kanuni hiyohiyo inawagusa wafugaji wa samaki. Maji ya nyuzijoto 20 yanaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 hubeba 7.5. Bwawa lenye joto na samaki wengi halina akiba.

12. Nikichemsha mchicha na kumwaga maji, nimemwaga nini?

Vitamini C na za kundi B, kwa kiasi kikubwa, maana hizo huyeyuka kwenye maji na zimehamia kwenye supu uliyoimwaga. Vitamini A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo hazihami hivyo. Bali mwili unazihitaji zije na mafuta kidogo ili uzipokee. Bibi zetu waliokuwa wakiunga mboga kwa nazi au karanga walikuwa sahihi.

## Kisimani, baharini na ziwani

13. Maji ya matope ni myeyusho? Na maziwa je?

Yote mawili hapana. Matope ni chembe za udongo zilizoelea. Nyingi hutulia chini ukiyaacha. Zile ndogo sana hukataa kutulia kwa sababu zina chaji ya aina moja na zinasukumana. Shabu, au mbegu za mlonge zilizotwangwa, huondoa msukumano huo, chembe zikashikana na kuzama. Maziwa ni matone ya mafuta yaliyovikwa protini, kama tui (namba 8). Kipimo cha haraka: pitisha mwanga wa tochi gizani. Kwenye myeyusho wa kweli njia ya mwanga haionekani. Kwenye maziwa yaliyozimuliwa inaonekana.

Maji yakishang'aa kwa shabu usidhani ni salama. Vijidudu bado vinahitaji kuuawa.

14. Kuchemsha au kuchuja maji kunaondoa chumvi na floraidi?

Hakuondoi, na kwa floraidi kuchemsha kunazidisha. Kitambaa huzuia chembe. Ayoni si chembe ya kuzuiwa na kitambaa. Kuchemsha huondoa maji kama mvuke na kuacha kilichoyeyuka. Chukua lita 2 zenye miligramu 3 za floraidi kwa lita, chemsha mpaka zibaki lita moja na nusu: sasa kila lita ina miligramu 4.

Wakazi wa Arusha na vijiji vinavyozunguka Mlima Meru wanalijua tatizo hili kwa meno ya kahawia ya watoto wao. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huachia floraidi majini, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Njia iliyotumika huko ni kupitisha maji kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Madini ya mfupa huidaka floraidi, kwa maana nyingine yanashinda ule mvutano wa maji (namba 5). Mkaa wa kuni haufanyi kazi hiyo.

15. Gamba jeupe kwenye birika linatoka wapi kama chokaa haiyeyuki?

Chokaa haiyeyuki kwenye maji *safi*. Mvua hubeba kabonidayoksaidi ya hewani, na ikipenya udongoni huokota zaidi, ikawa na uchachu hafifu. Maji hayo hugeuza mawe ya chokaa kuwa bikaboneti ya kalsiamu, ambayo huyeyuka. Ukichemsha, gesi inatoka, bikaboneti inarudi kuwa chokaa na kung'ang'ania birika. Siki au maji ya ndimu huling'oa, kwani asidi hufanya tena kile ambacho mvua ilifanya, ila kwa haraka.

Maji ya namna hii ndiyo maji magumu, yanayokula sabuni bila kutoa povu. Nayo ndiyo yaliyochonga Mapango ya Amboni kule Tanga: karne kwa karne mwamba uliondoka ukiwa umeyeyuka, kisha penye matone ya darini gesi ikatoroka na chokaa ikajijenga upya kama vijiti vinavyoning'inia. Birika lako na Amboni ni kemia moja.

## Kesi za pembeni

16. Nikichanganya urea na maji, ndoo inakuwa baridi. Kostiki soda inachemka. Kwa nini tofauti?

Kutenganisha kiyeyushwa kunagharimu nishati. Maji kukishika kiyeyushwa kunarudisha nishati. Kwa kostiki soda marejesho yanazidi gharama kwa mbali, na ziada hutoka kama joto. Kwa urea gharama inazidi, na pungufu linachukuliwa kutoka kwenye maji yenyewe, ndiyo maana ndoo inapoa.

Mwanafunzi makini atauliza: kama ni hasara, urea inayeyuka ya nini? Kwa sababu ya lile jambo la nne la namba 5. Molekuli zilizotawanyika ndoo nzima zina namna nyingi zaidi za kukaa kuliko zilizopangwa ndani ya punje, na wingi huo wa namna unatosha kulipa hasara ya nishati.

Watengeneza sabuni: tieni kostiki kidogokidogo ndani ya maji mengi, msimimine maji juu ya kostiki. Maji machache juu ya rundo huchemka papo hapo na kuruka usoni.

17. Nilichanganya mililita 50 za spiriti safi na 50 za maji nikapata pungufu ya 100. Nimemwaga?

Hujamwaga. Utapata 96 au 97. Molekuli za aina mbili zikishikana hukaa kwa kubanana kuliko kila aina ikiwa peke yake. Pima uzito, haujapungua.

18. Ni kweli Ziwa Kivu lina gesi kama soda?

Kwa namna fulani, ndiyo. Chini kabisa, kwenye kina kinachozidi mita 400, shinikizo la maji yaliyo juu huzuia gesi isitoke. Zimo takriban kilomita za ujazo 300 za kabonidayoksaidi na 60 za methani, zikipimwa kwa shinikizo la kawaida. Maji ya chini ni mazito kwa chumvi na gesi, kwa hiyo hayapandi. Ziwa dogo la Nyos, Kamerun, lilivurugika tarehe 21 Agosti 1986, gesi ikafumka kama soda iliyotikiswa na kuua watu wapatao 1,700.

Upande wa Rwanda, tangu 2016 kuna mtambo unaopandisha maji ya kina kwa bomba. Yakikaribia juu shinikizo linapungua, methani inatoka, inaendesha jenereta. Ni namba 11 iliyogeuzwa kuwa umeme. Watu wasichanganye jambo hili na *mazuku* wa Goma, ile hewa mbaya inayotuama kwenye mabonde: gesi yake hutoka ardhini.

19. Dhahabu huyeyuka kwenye maji?

Kwenye maji matupu, kiasi kisichofaa kusemwa. Bahari inayo dhahabu, naye Fritz Haber wa Ujerumani alijaribu miaka ya 1920 kuitoa ili nchi yake ilipe madeni ya vita. Akaacha, kwa kuwa ilikuwa chache mno kuliko alivyokuwa ameaminishwa.

Lakini watu wa Geita na Chunya wanaosafisha marudio (mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa) wanajua kwamba maji yakitiwa sayanaidi na hewa, dhahabu inayeyuka. Oksijeni huing'oa elektroni, sayanaidi inaifunga pande mbili, na kifurushi hicho chenye chaji maji yanakipenda kama ayoni nyingine yoyote. Kilichobaki ni kukitoa majini, na hapo hutumika mkaa maalumu wenye vitundu vidogo mno, ambao mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi.